Ubao wa Uzi Mmoja

Mazungumzo ya leo yanahusu ala ya muziki ambayo, tukisema kweli, Birere ndipo mahali pasipoifaa kabisa, na kwa sababu hiyohiyo nimeona hapana mahali pengine panapostahili zaidi kuitajia. Maana Birere ni mtaa usionyamaza. Tangu kizuizi cha mpakani cha Petite Barrière kinapofunguliwa asubuhi, na umati wenye mafurushi kichwani na mgongoni ukamiminika huku na huko baina ya Goma na Gisenyi, hata usiku mlinzi wa mwisho anapofunga kufuli la duka la tajiri wake, hapana saa ambayo sikio la mkazi hupata faragha: pikipiki zinapiga honi, wachuuzi wananadi kwa vipaza sauti, vinu vinasaga mahindi na mihogo, magurudumu ya chukudu, vile vipando vyetu vya mbao vya kubebea mizigo, yanakwaruza mawe ya volkano, na kila mlango una wimbo wake, huu wa Kinshasa, ule wa Dar es Salaam, wa tatu wa kanisani, zote zikigombania hewa ileile. Katikati ya makelele hayo nataka kunena juu ya inanga, ubao wa nyuzi upigwao kwa vidole, ambao sauti yake haivuki ukuta wa mbao wa nyumba zetu.

Wazee waliokuja mjini kutoka Bwisha, kutoka Masisi, kutoka Bushi na kutoka ng'ambo ya mpaka wanaijua; vijana wengi wameisikia kwa jina tu, au wameiona ikining'inia ukutani katika hoteli kuwa pambo la wageni. Kwa hiyo yafaa nieleze kwanza ilivyo. Fundi huchukua kipande kimoja cha mti mwepesi, na huko Rwanda mti upendwao ni umwungo, akakichimba hata kikapata umbo la chano kirefu chenye kina kifupi, urefu wake karibu mita moja, upana wake shibiri moja na ziada, na katika ncha zake mbili akachonga meno. Kisha hutwaa uzi, nami nasema uzi kwa umoja kwa makusudi, kwa kuwa ni mmoja tu. Zamani ulisokotwa kwa kano za ng'ombe, na siku hizi aghalabu ni nailoni au waya. Hufungwa kwenye jino la kwanza, ukavutwa mpaka ncha ya pili, ukazungushwa, ukarudi, ukaenda tena, hata juu ya ubao pakawa na mistari 7 au 8, na pengine zaidi, yote ya uzi uleule. Vigingi vya kukazia, kama vile vya gitaa au vya udi, havipo. Mpigaji akitaka kuilinganisha hana budi kuuvuta uzi kwa mkono, mstari baada ya mstari, akitumainia msuguano wa meno uushike pale alipoukomesha. Na maadamu uzi ni mmoja, akigusa mstari huu, jirani yake naye huweza kuhama kidogo, ikambidi arudi nyuma kuwapatanisha. Mtu asiye na subira, hata akijaaliwa vidole vyepesi namna gani, ala hii haimfai.

Yafaa pia niseme waziwazi kwamba haina kabila moja. Warundi na Wanyarwanda, wa kule na wa huku, huiita inanga. Washi wa Kivu ya Kusini wanayo, nao huiita lulanga. Wakiga wa kusini-magharibi ya Uganda na Wahaya wa Bukoba wanayo kwa jina la enanga. Na katika Ankole wanawake wa Kihima ndio waipigao, ndani ya nyumba zao, wakiimba. Ndugu zetu Wanande, ambao maduka yao yamejaa Birere, wana ala ya jamaa hiyohiyo iliyo na umbo lingine, enzenze, ambayo ni fimbo bapa yenye nyuzi chache na kibuyu cha kukuza sauti. Nayanena haya kwa sababu katika mji wetu, baada ya miaka mingi ya vita na hamahama, kitu chochote cha asili huulizwa kwanza ni cha nani, ndipo huulizwa kina uzuri gani; na ala iliyozunguka maziwa yote haya bila kuuliza njia haistahili kufanyiwa hivyo.

Sasa nifikie jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Huko Burundi kuna namna ya kuipiga inanga ambayo mwimbaji haimbi kabisa, bali hunong'ona. Huketi, akauweka ubao mbele yake, vidole vikaanza kuzungusha wimbo wa nyuzi nzito za chini, na juu ya nyuzi hizo yeye huyatoa maneno kwa pumzi tupu, bila sauti ya kooni. Mnong'ono, kama ajuavyo kila aliyepata kuambiwa siri, hauna juu wala chini. Ni mvumo wa hewa tu, kwa kuwa koo halitetemi. Hata hivyo anayemsikiliza mpigaji huyo haoni kwamba anasikia mnong'ono kando na nyuzi kando. Husikia mtu anayeimba, na maneno yanapanda na kushuka, na kila silabi imekaa mahali pake katika lahani. Mtaalamu wa muziki Cornelia Fales, aliyeichunguza kwa makini sanaa hii, alionyesha kwamba ni sikio la msikilizaji ndilo linaloziunganisha sauti hizo mbili: nyuzi zinatoa kimo, mnong'ono unatoa matamko, na akili, isiyopenda kuviacha vitu viwili vilivyofuatana kwa karibu hivyo vikae mbalimbali, huvifanya kuwa kimoja. Wimbo ule, kwa hakika, haumo kinywani mwa mpigaji wala haumo ubaoni. Umo masikioni mwa aliyeketi naye.

Tena, Kirundi ni lugha ambayo kimo cha silabi hubadili maana, hata neno lililotamkwa juu si lile lililotamkwa chini. Basi mpigaji hana uhuru wa kuzungusha nyuzi apendavyo, bali hutunga lahani yake akiifuata njia ambayo maneno yenyewe yangaliifuata katika maongezi ya kawaida. Ndiyo maana msikilizaji huyatambua maneno hata pale pumzi inapokuwa hafifu mno. Mimi sijui sanaa nyingine ya pande zetu inayomtegemea msikilizaji kwa kiasi hicho. Mpiga ngoma aweza kuwatia watu katika mchezo wapende wasipende. Mpiga inanga wa mnong'ono, asiyemtegea sikio hasikii kitu.

Na hapo ndipo ilipo shida yake mjini. Watu hupenda kusema kwamba inanga iliuawa na gitaa, nami nimelisikia dai hilo mara nyingi hata kutoka kwa wanamuziki wenyewe, lakini naliona ni dai la mtu asiyetazama vizuri. Gitaa lilipofika Kongo halikuja na kishindo. Mwenda wa Bayeke, aliyejulikana pia kwa jina la Jean Bosco, alipompigia Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, wimbo wake wa Masanga huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, alikuwa mtu mmoja na gitaa moja kavu, akidonoa nyuzi kwa ncha za vidole na kuimba kwa Kiswahili; jirani wa nyumba ya tatu asingemsikia. Tracey huyohuyo, katika safari za mwaka huohuo, aliwarekodi wanamuziki wa baraza ya Mwami Rudahigwa wa Rwanda, na kwenye ukingo wa msitu wa Ituri akawarekodi Wanande miongoni mwa wengine. Gitaa na ala zetu za kale zilikuwa siku hizo na hali moja: zote zilihitaji chumba kidogo na watu walionyamaza. Gitaa likapata umeme, inanga haikupata. Na pamoja na hilo, wale walionyamaza kuisikiliza wakatawanyika.

Walikuwa nani? Huko Rwanda walikuwa ni Mwami na watu wa baraza yake, na machifu nyumbani kwao, ambao jioni walipenda kusimuliwa vita, ng'ombe na nasaba kwa sauti isiyozidi ya maongezi. Bukoba, mpiga enanga alighani visa virefu vya mashujaa, visa vyenye adhama ya tenzi, ambavyo Mugyabuso Mulokozi alivifanyia utafiti wa miaka mingi na kuviandikia tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986, akathibitisha mbele ya wasomi waliokuwa wakidai kwamba Afrika haina tendi kuwa ubao huu umebeba tendi kamili. Falme zilipoondolewa, mpigaji alipoteza mwenye kumkirimu. Watu walipohamia mijini, alipoteza jioni. Na hapa Goma, ambapo tarehe 17 Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani ukiteketeza sehemu kubwa ya maduka na makazi, na tarehe 22 Mei 2021 ukatoka tena, watu wamejenga upya kwa mbao juu ya mawe, nyumba ikibanana na nyumba, na wengine wameingia juu yao wakikimbia vita vijijini. Katika hali hiyo kuketi watu wanne wakimsikiliza wa tano ananong'ona ni anasa isiyopatikana kwa urahisi.

Lakini chombo kilichotokea kuwa kama kimebuniwa kwa ajili ya mnong'ono tunacho: kinasa sauti. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, na kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikautoa katika santuri. Na humo, pamoja na ngoma kuu ambazo dunia ilikwisha kuanza kuzistaajabia, mlikuwamo inanga ya mnong'ono. Hebu fikirini ajabu yake. Pumzi ya mtu ambayo isingefika upande wa pili wa ua ilivuka bahari ikasikiwa Paris kwa ufasaha uleule, tena pengine kwa ufasaha zaidi, kwa sababu kinasa sauti kilikuwa karibu na kinywa chake kuliko sikio la mgeni yeyote. Ngoma hupungua nguvu zinapoingia katika redio. Inanga haipungui, bali hapo ndipo inapopata kwa mara ya kwanza haki sawa na wenziwe. Redio ndogo iliyowekwa karibu na mto wa kitanda, usiku mtaa unapopoa kidogo, ni baraza ya Mwami iliyo wazi kwa muuza ndizi.

Kwa hiyo siridhiki na namna wanavyoitumia siku hizi katika matamasha. Humpandisha mpigaji jukwaani mbele ya maelfu, wakaufungia ubao waya wa umeme, wakampa wapiga ngoma watatu na kinanda nyuma yake, naye akawa akihangaisha vidole bila mtu kusikia neno, huku mtangazaji akiisifu asili yetu. Hiyo ni kuifanya inanga kuwa vazi. Afadhali kumpa dakika 10 peke yake katika chumba cha watu 30.

Yafaa tutazame wenzetu walivyofanya. Pwani ya Uswahilini wanayo kanuni, ambayo nayo ni ubao wa nyuzi, ila ni tajiri zaidi: nyuzi 70 na ushei, zilizopangwa tatutatu, hulazwa mapajani na kupigwa kwa vijiti vidogo vilivyofungwa kwenye vidole vya shahada. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim mpaka Kairo akajifunze kanuni. Na taarabu ikapata makazi. Lakini Sultani alikufa na usultani ukaondoka, na kanuni haikuondoka, kwa sababu ilikwisha pata vyama vya kuitunza, kikiwamo Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, na katika zama zetu ikapata Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi pale Mji Mkongwe, ambapo mtoto wa mvuvi aweza kuketi na ustadhi akafundishwa. Kanuni ilipoteza mfalme ikapata chama. Inanga ilipoteza mfalme ikapata ukuta wa hoteli.

Mfano wa pili ni wa mbali, ila kwa Birere ndio unaofaa zaidi. Katika milima ya Appalachia huko Marekani watu maskini walikuwa na ala yao iitwayo dulcimer, sanduku jembamba la nyuzi 3 au 4 liwekwalo mapajani na kupigwa kwa unyoya wa bata bukini. Miaka ya 1940 ala hiyo ilikuwa karibu kusahauliwa. Binti mmoja wa Kentucky, Jean Ritchie, akahamia New York akiwa nayo, akaimba vyumbani, kisha redioni na katika santuri. Na watu walipotaka kuinunua wakakosa pa kuinunua, mumewe, George Pickow, akashika kazi ya kuziunda, katika karakana iliyokuwa chini ya daraja la Williamsburg, Brooklyn. Nawaomba mlitambue hilo: ala ya milimani iliokolewa na karakana ya mjini, chini ya daraja lenye kelele, na mnunuzi mwenye fedha mkononi. Leo huundwa kwa wingi, na wastaafu na watoto wa shule huipiga.

Je, Birere inakosa nini katika hayo? Mafundi seremala wanaochonga chukudu kwa mapanga na tezo, ambao mizigo ya mji huu hutembea juu ya kazi ya mikono yao, wanaweza kuchimba ubao wa mita moja. Kazi hiyo ni nyepesi kuliko kuunda gurudumu. Nyuzi za nailoni zimo katika kila kibanda kiuzacho zana za wavuvi wa ziwa. Na asiyeipenda nailoni na atazame Madagaska, ambako wapiga valiha, ala ya mwanzi yenye nyuzi kuizunguka, hufumua nyaya za breki za baiskeli wapate nyuzi nyembamba za chuma. Na nyaya za breki, ikiwa Birere imejaaliwa kitu, imejaaliwa hicho. Kinachokosekana ni mwalimu na mfano wa kunakili. Mwalimu yupo jirani. Ng'ambo ya pili, Rwanda, Sophie Nzayisenga alifundishwa inanga tangu utotoni na baba yake, Thomas Kirusu, aliyekuwa mpigaji mashuhuri, naye ameibeba mpaka majukwaa ya ughaibuni ala iliyokuwa huko zaidi mikononi mwa wanaume. Na nyuma yake wamekwisha kutokea vijana wengine. Wale wavukao Petite Barrière kila siku kwa ajili ya nyanya na maziwa wanaweza kuvuka pia kwa ajili ya somo, mpaka unapokuwa wazi.

Ama kumbukumbu za wazee wetu wenyewe, nyingi ziko mbali. Mmarekani Alan Merriam alikuja Kivu mwaka 1951 na 1952 akauchunguza muziki wa Washi, na akavitumia alivyovikuta katika kitabu chake kikubwa cha 1964 kinachosomwa vyuoni hadi leo. Hifadhi aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina inanga na sauti za pande zetu zilizohifadhiwa kwa uangalifu. Siwalaumu waliozichukua, bila wao zingalipotea. Lakini hao walirekodi wapigaji wachache waliowakuta njiani zaidi ya miaka 70 iliyopita, na waliobaki hai leo katika mitaa yetu sijasikia aliyewarekodi.

Basi ombi langu ni dogo na ni la kufanyika wiki hii. Mwenye mzee nyumbani ajuaye kupiga, na achague saa ambayo kinu cha jirani kimesimama, afunge dirisha, aiweke simu yake ya mkono karibu na ubao, karibu kabisa, shibiri moja hivi, wala asiiweke mbele ya uso wa mzee kana kwamba ni picha anayoitaka. Amwache apige mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha amuulize jina la wimbo, aliyemfundisha, na mahali ulipochongwa ubao, na majibu hayo nayo yarekodiwe kwa sauti ya mzee mwenyewe. Mafundi wa chukudu watakaopenda kujaribu, na walete ubao wao wa kwanza hata ukiwa na kasoro. Wakuu wa shule za muziki mjini, nanyi mnaosikiliza, tengeni saa moja kwa juma kwa ajili ya ala hii, na mlipeni mwalimu wake sawasawa na mwalimu wa gitaa. Na yeyote aliye na inanga, lulanga au enzenze, awe Mapendo, Kahembe, Murara au ng'ambo ya mpaka, na aje nayo hapa studio siku yoyote ya kazi baada ya adhuhuri. Hatutamtaka apige kwa nguvu.